Siku za Kumngoja Chakacha

Jumapili, 28 Septemba

Mbayuwayu arubaini na mmoja. Yangeyange sita. Korongo mmoja, yule yule wa jana, kasimama mguu mmoja kama ameambiwa angoje. Vitwitwi wadogo watatu. Chakacha hakuja.

Hadija amenikemea. Kwenye daftari lake la ndege nilikuwa nimeandika "leo umande mwingi, nimehuzunika kidogo". Asema pale ni pa idadi, saa na hali ya hewa, si pa moyo wangu. Kanipa daftari lake la zamani la hesabu, kurasa za nyuma ziko tupu. "Huzuni zako tia humu, Mama." Haya. Natia humu. Hakuna wa kusoma.

Mimi nimesoma mpaka darasa la tano. Kuandika naandika, ila mkono wenda polepole. Nishachoma mahamri, nishauza, miguu yauma. Kesho tena ziwani.

Jumanne, 30 Septemba

Aibu ya leo. Mbayuwayu ni wengi na hawatulii, basi huwa nawahesabu kwa tasbihi ya marehemu mama. Punje moja, ndege mmoja. Mzunguko mmoja, thelathini na tatu. Leo Hadija kaichukua tasbihi akazihesabu punje kitandani. Thelathini na mbili. Moja ilidondoka zamani, sijui lini.

Kwa hiyo kila mzunguko nilikuwa naongeza ndege asiyekuwepo. Kachukua kalamu nyekundu akasahihisha siku zote tisa. Wale arubaini na mmoja wa juzi wakawa arubaini. Nikamwambia, mwanangu, ndege mmoja! Akasema nambari ya uongo ni mbaya kuliko kukosa nambari.

Na nyiradi zangu miaka yote hii pia zilipungua. Mungu mwingi wa rehema.

Sikukasirika. Nilifurahi kumuona ameketi, kalamu mkononi. Tangu atoke hospitali alikuwa amelala tu akitazama mabati. Ugonjwa huu wa damu, siko seli, hauna huruma. Daktari kasema baridi ya alfajiri na umande ni haramu kwake mpaka apate nguvu. Ndiyo naenda mimi. Miaka miwili kaandika ndege wa ziwa lile, msimu hata mmoja haukukatika. Wa tatu hautakatika nami nikiwa hai.

Ijumaa, 3 Oktoba

Chakacha hakuja.

Mwaka juzi alikuja tarehe mbili Oktoba. Mwaka jana tarehe ishirini na tisa Septemba. Yote yako daftarini. Ndege mdogo, mgongo wa rangi ya udongo, kifua cheupe, na haachi kutikisa kiuno. Mimi ndiye niliyempa jina, la ile ngoma ya kiuno. Wallahi hata harusini Mtopanga sijaona mtu akatikisa vile bila kuchoka. Mguuni ana kibendera kidogo cha plastiki cha manjano, kina herufi mbili, K na M. Kavishwa na wataalamu huko mbali ili akionekana ajulikane. Anatoka nchi za baridi, anavuka jangwa na bahari, halafu anakuja kusimama juu ya jiwe moja tu la ziwa letu. Lile la pembeni lililobaki kama kiti, walipochimba mawe zamani kabla ya shimo kujaa maji.

Jiwe lile lile miaka miwili. Kama mtu na mswala wake.

Mwaka huu wachimbaji wamehamishia mashine ya kukatia mawe pembe ile. Hatua thelathini kutoka jiwe lake. Yaanza alfajiri, yalia mpaka meno yanawasha. Nimemwambia Hadija ndege wengine wote. Mashine sikumwambia.

Jumapili, 5 Oktoba

Maumivu yamerudi usiku. Miguu na mgongo. Dawa kanywa nusu. Uji hataki. Babake yuko safarini na lori, kapiga simu, Hadija hakutaka kuzungumza naye.

Nilikwenda ziwani mbio nikarudi mbio. Yangeyange wanne. Sikuwatazama vizuri.

Kaniuliza kwa sauti ndogo, "Chakacha?" Nikatikisa kichwa. Akageukia ukutani. Akasema, "Hatarudi. Kila kitu changu chaharibika." Miaka kumi na sita, asema maneno hayo.

Naogopa. Naandika hivyo hivyo. Naogopa.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimesema uongo.

Nimerudi kutoka ziwani, nimemkuta vile vile, uji umeganda ukiwa na ngozi juu. Nikasema, "Nimemuona." Halikuwa neno nililolipanga. Lilitoka.

Akageuka. "Nani?"

"Chakacha. Jiweni."

Macho yake! Akanitazama sana. "Mama, wallahi?"

"Wallahi."

Akaketi. Akaomba uji. Kanywa kikombe kizima na dawa zote. Akataka herufi, nikasema K na M, kwani si ziko daftarini mwake mwenyewe. Akaandika kwa mkono wake: tarehe, saa kumi na mbili na nusu, amerudi mwaka wa tatu.

Nimechoma maandazi ya jioni, nimeyaunguza yote.

Jumanne, 7 Oktoba

Hadija amekula wali. Amecheka.

Pia amemtumia Lulu ujumbe. Lulu ni yule dada wa mjini wa mambo ya ndege, aliyempa darubini ile kuukuu. Lulu amefurahi kupita kiasi. Asema ndege mwenye kibendera kurudi jiwe moja miaka mitatu si jambo dogo, ataipeleka habari kwa waliomvisha. Na Jumamosi atakuja mwenyewe na darubini kubwa, amuone.

Jumamosi hii.

Hadija kaniuliza nguo gani avae. Daktari kamruhusu atoke jua likishapanda, basi ataka akae pale na Lulu kama mwenzake. Nikasema vaa ile ya samawati. Nikatoka nje nikashika ukuta.

Sikumuongopea mtoto tu. Nimeandikisha uongo wangu kwa mkono wake.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimekwenda kabla ya adhana ya alfajiri kumalizika. Nilisali kule kule juu ya kanga. Nikasema nitamtafuta Chakacha mpaka nimpate, uongo ugeuke kweli, yaishe. Nilizunguka ziwa lote. Matope mpaka magotini. Vitwitwi watano, wote miguu mitupu. Upande wa jiwe hakuna hata kunguru.

Mashine ikaanza. Nikamwendea msimamizi wao, Karisa. Mtu mzuri, hununua mahamri yangu. Nikamwomba alfajiri za wiki hii tu waanze saa moja.

"Mama Hadija, kwa ajili ya nani?"

"Kuna ndege namngoja."

Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mama, akija mwambie apande lori, tutamshusha Nyali." Karisa yeye hakucheka, ila kasema lori laja saa mbili na mawe hayajikati yenyewe. Haki yake.

Nimerudi. Hadija akauliza kama leo pia alikuwepo. Nikasema sikumuona leo. Hilo angalau lilikuwa kweli. Akasema, "Hayuko mbali. Jumamosi atakuwepo." Ananituliza mimi!

Alhamisi, 9 Oktoba

Baada ya darsa ya wanawake nikabaki nyuma na Bi Rahma, mwalimu wetu. Nikamwambia kuna jirani yangu kala yamini ya uongo. Kamwapia mtu kuwa kaona kitu, na hakukiona. Afanyeje?

Bi Rahma akakunja msahafu wake taratibu. "Jirani yako huyo ana nia gani?"

Nikasema nia yake ilikuwa huruma.

"Mwambie huruma haikuhitaji jina la Mungu. Mwambie atubu. Kisha kafara: maskini kumi, Waislamu, kila mmoja kibaba cha mchele mkononi mwake."

Nikauliza kama hawezi kufunga siku tatu tu. Kufunga ni kimya, hakuna mtu ajuaye. Akaniuliza kama jirani ana mchele ndani. Nikasema anao. "Basi saumu si yake. Saumu ni ya asiyekuwa na cha kutoa." Halafu akanishika mkono. "Na kwanza amwambie aliyemwapia. Uongo ukiwa bado umekaa kitako kwa mwenziwe, kafara ya nini? Nenda, mwanangu. Mwambie jirani."

Alijua. Tangu mwanzo alijua.

Njiani nikakutana na wifi yangu Maimuna, dadake mume wangu. Nikamwomba kibaba chake cha kupimia, changu kimepasuka. "Wataka kupima nini?" Mchele. "Wa nani?" Wa watu kumi. Akasimama katikati ya njia. "Vibaba kumi! Ee, nani kaapa uongo nyumba ile?" Akanitazama, akaacha kucheka. Kibaba kanipa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimemwambia.

Baada ya sala ya Ijumaa, ameketi mlangoni juani na daftari mapajani. Sikuzunguka. Nikasema Jumatatu sikumuona. Nikasema niliapa uongo kwa sababu ulikuwa hutaki kula. Nikasema mashine iko pembe ya jiwe lake tangu mwezi uliopita na hilo nalo nilikuficha.

Nilingoja alie au anipigie kelele. Hakufanya. Akachukua kalamu nyekundu akapiga mstari tarehe sita, mstari mmoja ulionyooka kwa rula. Kisha akachukua simu akamwandikia Lulu. Kanisomea kabla ya kutuma, kama anamsomea mtu baki: Habari ya tarehe sita si kweli. Ndege hakuonekana. Tafadhali ifutwe. Usije kesho.

Jibu la Lulu lilikuja upesi. "Sawa." Neno moja.

Hapo ndipo alipolia. Si kwa ajili yangu. "Sasa hata mwaka jana hawataniamini. Hata mwaka juzi. Nani ataamini daftari hili?" Nikanyoosha mkono, akausogeza pembeni, kwa adabu. Kwa adabu! Ilichoma kuliko kofi.

Miaka miwili ya alfajiri zake, yenye baridi iliyokuwa ikimla mifupa, nimeitia doa kwa neno moja la mdomo wangu.

Nimepima vibaba kumi. Nimefunga kila kimoja kwenye mfuko wake. Maskini siendi kuwatafuta mbali. Wachimbaji wale Waislamu nimewaona wakisali pamoja, ni wanane. Wanawake wawili wagongao kokoto ukingoni, mama na bintiye, wale pia hushinda na kikombe cha chai. Kumi. Nitawapa alfajiri, kabla ya mashine. Kafara ni kafara, nitaitoa hata asipokuja ndege wa aina yoyote. Lakini mtu akipokea mchele kwa mikono miwili, mashine haishiki. Hilo nalo nimelifikiria, Mungu ananiona.

Jumamosi, 11 Oktoba

Niandike pole pole, nisiruke kitu.

Natoka mlangoni na mchele kichwani, namkuta Maimuna nje na birika kubwa la chai, sijui nani kamwambia. "Usinitazame hivyo. Wenda kuwapa watu mchele mkavu, watautafuna?" Njia nzima alikuwa akinichamba. Ati wifi gani huyu amtoaye mtu kitandani kwa ajili ya kindege kisichojaza hata kijiko cha mchuzi. Lakini birika hakulitua hata mara moja, na ni zito.

Nikamwambia Karisa, hii ni kafara yangu, niliapa uongo, nataka niwape watu wako mkononi mmoja mmoja. Sikuona haya tena. Yeye si Muislamu, lakini alivua kofia. Akauliza, "Ni kwa ajili ya yule ndege?" Nikasema ni kwa ajili ya binti yangu. Akamfanyia ishara kijana wa mashine: ngoja.

Nikawapa. Mmoja mmoja, mkono kwa mkono, nikatia nia. Wanaume wanane, kisha yule mama na bintiye. Yule aliyesema habari ya kumshusha Nyali akapokea macho chini. Maimuna akamimina chai, mimi nikatoa mahamri, hayo nje ya kafara, Karisa naye akala na wale wengine wote. Wakaketi juu ya mawe yao waliyoyakata. Kimya. Sijawahi kusikia kimya pale. Lilisikika kila funda la chai.

Mimi nikashuka na darubini mpaka karibu na mafungu ya kokoto, nikalala kifudifudi. Mama mzima. Buibui langu lote vumbi jeupe.

Mbayuwayu wakashuka kunywa. Mdiria mmoja akapita. Nikangoja. Nyuma yangu nikasikia Maimuna akiwanong'oneza wanaume wazima: "Msikohoe."

Akaja.

Hakuja kwa shani. Aliruka chini chini juu ya maji, akalia kile kilio chake chembamba, akatua. Jiweni. Akatikisa kiuno. Nikajua kabla ya kuona mguu. Nikaiegemeza darubini juu ya jiwe nikabana pumzi. Mguu wa kushoto. Manjano. K. Niliiona K kama ninavyoiona karatasi hii. Ya pili ilikuwa na tope. Nikangoja ageuke, ajisafishe, anyooshe mguu. Akatembea, akadokoa, akatikisa. Tope liko pale pale.

Chai ikaisha. Karisa alingoja zaidi ya alivyopaswa, najua, kwani lori lilikuwa limewahi leo, lishaanza kupiga honi juu. Mashine ikalia. Chakacha akaondoka.

Maimuna akanijia mbio. "Ndiye?" Nikasema nimeona K. "Na ya pili?" Tope. "Si ni M! Andika M, nani atajua?"

"Mimi."

Akanitazama kutoka utosini mpaka miguuni, na vumbi langu lote. "Haya, Bi Hesabu," akasema. Akanikung'uta mgongo kwa kanga yake.

Hadija alikuwa macho. Hakuniuliza. Nikaketi chini, si kitandani kwake, nikamwambia: saa kumi na mbili na dakika arubaini, jiwe la pembeni, kitwitwi mmoja mwenye kutikisa kiuno, kibendera cha manjano, herufi ya kwanza K, ya pili ilikuwa na tope, sikuisoma.

Akauliza, "Mguu gani?"

"Wa kushoto. Kushoto kwake, si kwangu."

Akaniangalia muda mrefu sana. Hakuniambia niape. Nami nisingeapa. Akafungua daftari akaandika K, na mbele yake akaacha nafasi, akachora kistari kidogo. Yaani ya pili haikusomeka. Akasema, "Ndege wenye kibendera cha manjano na K ni wengi, Mama. Huenda si yeye."

"Huenda," nikasema.

Akamtumia Lulu vile vile, pamoja na kistari. Jibu halijaja.

Jumanne, 14 Oktoba

Karisa asema wataanza mashine baada ya chai sasa, si kabla. Ni nusu saa tu, si zaidi. Chai yenyewe wanaitaka kwangu. Haya, nitapeleka.

Leo saa nne, jua kali, Hadija amekwenda ziwani kwa miguu yake. Sweta mbili, soksi, mtandio. Nilitembea nyuma yake nikijizuia kumshika kiwiko. Tulikaa kivulini mwa fungu la kokoto. Yule binti mgonga kokoto akamwonyesha wapi korongo hulala.

Chakacha hakuwepo. Mashine ililia wakati wote. Hadija akaandika: saa nne na robo, jua, hakuonekana. Mwandiko ule ule mzuri aliouandikia siku alipoonekana. Simu yake ikaita ujumbe. Akasoma, akanipa nisome. Lulu: "Nimepokea K na kistari. Naja Jumamosi. Mama naye awepo." Nilisoma mara tatu, nasoma pole pole.

Hajanirudia kama zamani. Bado ananijibu kwa adabu. Lakini mbayuwayu walipokuja juu ya maji, wengi, kama vumbi, alinisukumia daftari na kalamu. "Hao ni wako."

Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta tasbihi, haikuwemo. Alikuwa nayo yeye. Akanipa. Kati ya punje za mama, nyeusi zote, ipo moja ya manjano, iliyotoka kwenye bangili ya Hadija ya utotoni.

Nilizihesabu punje kwanza, mara mbili, yeye akinitazama. Thelathini na tatu.

Kisha nikaanza na ndege.